Njaa ya Bibi Kalunde

Simu iliita nikiwa nasuuza vyombo, na kwa kuwa namba sikuijua niliiacha iite mpaka ikachoka. Ndiyo tabia yangu. Simu ya mtu nisiyemjua huwa naiangalia tu ikitetemeka, huku nikiomba aliyepiga akate tamaa. Huyu hakukata. Alipopiga mara ya pili nikapokea kwa mkono wenye povu, na sauti ya kiume ikasema yeye ni Shija, mtoto wa Bibi Kalunde, na kwamba mama amefariki huko Dodoma na wanamleta Ngombezi azikwe, kama alivyousia mwenyewe. Nikasema, "Shikamoo kaka, poleni sana," nikadhani tumemaliza. Hakukata simu. "Kuna neno alilisisitiza," akasema. "Alisema, yule mtoto wa Kizigua aitwe. Asije kulia. Aje kama mtani." Nikajibu sawa kaka, nikakata, nikageuza ndoo na kuikalia. Maana wajibu wa mtani msibani unajulikana, ni kufanya vituko mbele za watu hadi wafiwa wacheke, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba chenji dukani hunitoa jasho.

Umri wa kuandika kumbukumbu sina. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, na wenzangu wanaandika hali zao wasap, hawaandiki sura za kitabu. Lakini tangu simu ile, mwaka mmoja umerudi wote na kunikalia kichwani, ule niliomaliza kidato cha nne nikaenda Korogwe kusubiri matokeo na shule. Niliondoka kwetu Sindeni, upande wa Handeni, nikiwa na begi moja na shajara yangu, ambayo nilikuwa naiandika tangu kidato cha pili kwa sababu mdomo wangu ni mzito. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amesikia kwamba shirika moja dogo pale mjini linatafuta binti wa kujitolea, anayejua Kizigua na mwenye mwandiko unaosomeka. Pa kulala palitafutwa na Mzee Mhando, jirani yetu, aliyekata mkonge Ngombezi katika ujana wake. Alimpigia simu Bibi Kalunde, simu ikiwa kwenye spika, nami nimekaa pembeni: "Nakuletea Mzigua mdogo, umfuge." Sauti ya kike ikajibu, "Mlete tu, mbuzi wangu amekufa na kamba ipo." Nikashtuka. Mzee Mhando akacheka mpaka akakohoa. Bibi Kalunde alikuwa mzaliwa wa kambi ya mkonge, mtoto wa Wanyamwezi walioifuata kazi huko, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Basi wale wawili walikuwa wametukanana miaka na miaka, wakizikana, wakiuguzana, wakitumiana mahindi, na hakuna aliyewahi kumkasirikia mwenzake.

Nyumba za kambi ni mstari mmoja mrefu wa vyumba chini ya bati moja, na kuta za kugawa hazifiki juu. Ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole chumba cha nne. Bibi alikuwa na viwili. Changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, yenye picha ya maporomoko ya maji, ambayo Bibi alikataa kuitoa kwa sababu, alisema, maji hayachachi. Upepo ukitoka kiwandani, ambacho watu wa kambini walikiita korona tangu kale, kabla neno hilo halijawa jina la ugonjwa, ulileta harufu ya majimaji ya mkonge, chachu na nzito, iliyoingia hadi kwenye foronya. Wiki ya kwanza nilitamani kutapika. Leo nikiisikia harufu ile basi linapopita barabara kuu, nameza mate kama mtu aliyenusa chakula, kwa kuwa harufu ile na harufu ya dagaa wa Bibi zilikuja pamoja kila jioni.

Jioni ya kwanza aliniwekea ugali kwenye sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu uliobanduka upande mmoja. Nilikuwa siwezi kula mbele ya mtu. Sijui ilianzia wapi. Bwenini nilikuwa nakula wa mwisho, nimewapa wenzangu mgongo. Basi nikageuza kigoda nikautazama ukuta. Nyuma yangu nikasikia, "Ukuta, karibu chakula." Sikugeuka. "Ukuta, huyo Mzigua kwao wanapika bila chumvi, ndiyo maana anaona haya kuonekana anafaidi. Mvumilie." Chumba cha jirani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kwenye ugali, dagaa wakanipalia. Hakuniambia nigeuke. Kila jioni alimkaribisha ukuta chakula, akamsimulia habari zangu, na nadhani ilikuwa mwezi wa tatu ndipo nilipojikuta nimekaa upande upande, nusu namtazama yeye na nusu ukuta. "Ukuta," akasema Bibi, "naona mwenzio ameanza kukuchoka."

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi ya Korogwe, na feni moja iliyogeuka taratibu kana kwamba inatafuta mtu. Mkurugenzi, Madam Judith, alikuwa mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, mwenye miwani ya kamba na uchovu ambao wakati ule niliudhani ni ukali. Afisa mawasiliano alikuwa Kaka Frank, kijana wa Dar, mwenye kamera nzuri na raba nyeupe ambazo vumbi la Handeni lilizionea. Kazi yetu ilikuwa hadithi. Tulikwenda vijijini, watu wakasimulia, simu ikarekodi. Mimi nikarudi kuiandika sauti neno kwa neno, na penye Kizigua nikageuza Kiswahili. Frank akachukua karatasi zangu akazifanya Kiingereza kifupi, akatafuta picha, na kila mwanzo wa mwezi barua pepe moja ikaenda kwa orodha yetu yote ya wafadhili, watu wa nchi za mbali ambao hawakuwahi kufika Korogwe ila majina yao tuliyajua. Baadaye kipande cha hadithi ile ile kikawekwa Fesibuku na Instagramu. Frank alinionyesha kwenye kompyuta jinsi unavyoweza kuona nani ameifungua barua na nani ameipita. Nikaogopa. Nilidhani barua ni kitu unachosoma peke yako.

Alikuwa na kanuni zake, na alinifundisha kwa moyo mweupe, lazima niseme hivyo. "Mtu mmoja, Zaina," alisema. "Uso mmoja, shida moja. Ukiwawekea watu kumi, msomaji haoni mtu, anaona kijiji, anakwenda kunywa kahawa yake." Nikamwuliza, kwa sauti ambayo alilazimika kuniinamia ili anisikie, kwamba je, mtu mwenyewe akiwa na shida na furaha? Kama yule mama wa Sindeni aliyetusimulia habari za kisima kukauka, huku anacheka namna mumewe alivyoangukia ndani akitafuta ndoo? Frank akatabasamu. "Hiyo furaha unaiacha pale pale kijijini. Hatuiibi, tunaiacha tu." Niliandika maneno hayo kwenye shajara jioni ile. Sikuyaandika kwa kuyakataa. Yalinipendeza, yalikuwa na mpangilio.

Mzee Mhando akafariki mwezi wa nne. Shirika lilimheshimu kwa kuwa ndiye aliyetuzungusha vijiji vya Sindeni, hivyo Madam akatoa gari, tukaenda: yeye, Frank, mimi, na Bibi Kalunde kwenye kiti cha nyuma, akiwa na kifuko mapajani, kimya njia nzima. Nilidhani analia moyoni. Tulipofika nilichukuliwa na wanawake kumenya mihogo nyuma ya nyumba, kwa hiyo kilichotokea mlangoni nilikisikia tu, kwanza kama vurugu, kisha kama kicheko cha watu waliolia tangu asubuhi na sasa wamepata pa kupumulia. Bibi, nilivyosimuliwa baadaye, alikuwa ametoa kwenye kifuko ile sahani ya bati. Akavaa koti bovu la marehemu, akajipaka majivu usoni, akalala kukatiza mlango ambao jeneza lingepita. "Hatoki huyu!" alikuwa anapiga kelele. "Mzigua huyu aliniahidi mahindi, ameniponyoka! Sijala siku tatu tangu bahili huyu afe! Njaa inaniua, jamani, watoto wa marehemu mnaniona?" Wazee wakambembeleza, akakataa. Mtoto mkubwa wa marehemu akamwekea mhogo kwenye sahani, akaunusa, akasema hauna chumvi. Wakacheka hadi wajane ndani. Ndipo akainuka, akalifuta jeneza vumbi kwa upindo wa lile koti, akakaa pembeni, na huko nyuma tulikokuwa mtu mmoja akanong'ona, "Sasa analia kweli. Mwacheni."

Frank alikuwepo mlangoni. Aliuliza kwa adabu, kama alivyofundishwa, "Bibi, naomba nikupige picha?" Na Bibi, katikati ya kazi yake, akamnyooshea sahani tupu: "Piga! Piga mwanangu! Waambie wote sijala siku tatu!" Alikuwa na ruhusa, basi. Alikuwa na maneno kutoka kinywani mwa mwenyewe. Mtu aliyekulia Dar, ambaye misiba aliyoijua ni ya viti vya kukodi na spika, angejuaje?

Barua ilipotoka sikuwa nimeiona, kwa sababu hadithi ile haikupita kwangu. Maneno yalikuwa machache, Frank akayaandika mwenyewe. Niliikuta kwenye Fesibuku, asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Uso wa Bibi wenye majivu ulijaza kioo chote. Koti lililochanika bega. Sahani. Chini yake, kwa Kiingereza: Kalunde hajala kwa siku tatu. Usiku uliotangulia huyo Kalunde alikuwa ameniambia nimalizie ugali kwa sababu paka wa jirani amenenepa vya kutosha. Nikasogea mezani kwa Frank na kusimama hapo mpaka aliponitazama. "Kaka, ule ulikuwa utani," nikasema. Hakuelewa. Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kupauka. "Lakini alisema mwenyewe," akasema, "sauti ninayo." Akaiweka tuisikilize. Bibi akalia njaa pale mezani petu, na nyuma yake, wazi kabisa, kijiji kizima kilikuwa kinacheka. Frank akasikiliza hadi mwisho. "Nilizisikia hizo," akasema polepole. "Nikasema tu, kelele za msiba."

Tatizo ni kwamba barua ilikuwa imewagusa watu kuliko yoyote tuliyowahi kutuma. Walijibu. Waliandika kwamba wamelia. Kikundi kimoja cha kanisa huko kwao kikaahidi kwamba, kwa heshima ya bibi yule, kitaijengea shule ya msingi ya Sindeni tangi la kuvuna maji ya mvua, jambo ambalo Madam Judith alikuwa ameliomba tangu kabla sijazaliwa, au ndivyo alivyosema. Na wakati sisi tunaangaliana ofisini, picha ikaendelea na safari zake. Mtu wa Tanga aliichukua akaiweka kwenye kundi la wasap, wa kundi hilo akaipeleka jingine, na siku ya nne ikaingia kwenye simu ya Shija, Dodoma, ambako alikuwa fundi wa ujenzi mwenye vijana chini yake, ikiwa na maneno ya aliyeituma: Huyu si mama yako?

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta alipopiga. Nilisikia upande wa Bibi tu. "Njaa gani?" Kimya. "Ah, ile! Baba, ule ni utani, nilikuwa kwa Mhando." Kimya kirefu. "Nimekula. Nakwambia nimekula. Nimekula mboga ya mchunga na ugali, na Mzigua wangu yuko hapa anakula na ukuta, mwulize." Kimya. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Shija. Mimi nikudanganye?"

Kesho yake alikuja ofisini. Alivaa kitenge cha kanisani, na mkononi alishika mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo ndugu zake walimtumia kutoka Tabora, kwa kuwa kwa watu huendi mikono mitupu. Akauweka mfuko mbele ya Frank. "Kula, mwanangu, umekonda." Frank akaangalia mfuko ule kama mtu aliyeletewa hukumu. Madam akamkalisha Bibi kwenye kiti chake mwenyewe, akamwomba radhi kwa Kisambaa na kisha kwa Kiswahili, akasema picha zitatolewa kwenye kurasa leo leo. "Ila zile barua, Bibi, zimeshaingia majumbani kwa watu. Barua pepe ikishaondoka hairudi."

"Hata ukiikimbilia?"

"Hata ukiikimbilia."

"Basi tuma nyingine iifuate. Iseme nilikuwa nacheza kwenye msiba wa mtani wangu."

Madam akavua miwani. Ndipo nilipogundua kwamba si mkali, amechoka tu, amechoka kwa miaka. Alimweleza Bibi habari za tangi bila kumficha kitu. Kwamba watu wale hawajui utani ni nini. Kwamba wakiambiwa yule bibi alikuwa anafanya mchezo, hawatafikiri juu ya Wazigua na Wanyamwezi, watafikiri kwamba shirika limewadanganya, na tangi litakwenda. "Siwezi kukulazimisha, mama yangu," akasema. "Jina ni lako. Ukisema tuandike ukweli, tutaandika, na tangi tutaliomba tena, Mungu akitupa uhai." Feni ikageuka, ikarudi. Bibi akawa anakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. "Kwa hiyo njaa yangu itawanywesha wajukuu wa Mhando," akasema mwisho. "Ndiyo, Bibi." Akacheka kidogo, puani. "Hata akifa ananidai, Mzigua yule." Kisha akaniangalia mimi, si wao. "Msiseme nilikuwa mwongo, wala msiseme nilikuwa nacheza. Semeni nimekula. Mwanangu akiona nimekula, atatulia. Huyu ndiye aandike."

Basi nikaandika. Sijawahi kuandika kitu kwa mapenzi kama kile. Nikaandika shamba lake nyuma ya kambi, mahindi na kunde, jinsi anavyoutukana mlenda ukichelewa kuiva, sahani ya bati ikiwa na kilima cha ugali, na mapishi yake yanavyowaamsha watu vyumba vinne. Frank akampiga picha anakula, anacheka, tonge mkononi. Ilikuwa nzuri. Lakini yangu ilikuwa ndefu, na barua ya mwezi ina nafasi yake na desturi zake, na barua za shirika huishia kwa kushukuru. Sikuwepo wakati Frank anaikata. Aliniapia baadaye kwamba hakukusudia, vidole vyake vilizoea, na ninamwamini. Nimeshaona vidole vyangu vikifanya hivyo hivyo. Ilipotoka ilikuwa mistari mitatu, ikisema kwamba mnamkumbuka Kalunde, na sasa, kwa moyo wenu, Kalunde anakula. Wachache waliifungua. Mtu aliyeshiba hafunguliwi. Ila kwa Shija ilifika, maana sasa alikuwa anafuata ukurasa wetu kila siku, akiiwinda habari ya mama yake.

Akaja kwa basi la kwanza alilopata. Mwanamume mkubwa, mpole, macho mekundu, alilazimika kuinama mlangoni. Mimi nikamwamkia, nikakimbilia chumbani kwangu, na ukuta ule ambao nilikula nao miezi yote ile ukanipa kila neno.

"Mama, wageni wanakulisha."

"Hakuna anayenilisha. Nimekupikia kuku, kula."

"Wameandika. Mara ya kwanza huna chakula, mara ya pili wamekupa. Kazini vijana wangu wamesoma. Wamechangishana, mama. Mafundi wangu wamechangishana wanipe, nikulishe."

"Shija, ule ulikuwa utani. Wewe si Mnyamwezi? Utani huujui?"

"Naujua. Nimekwenda misiba. Lakini nimeiona picha." Hapo sauti yake ikavunjika. "Mama, mimi nikiwa mdogo ulikuwa unanipakulia, unasema wewe umeshiba, umekula kwa jirani. Nilikuwa nakuamini. Nimekuja kuwa mkubwa nikajua hakuna jirani aliyekuwa anakupa. Leo tena unaniambia umeshiba. Nitakuaminije?"

Sikusikia jibu. Nilisubiri, kambi nzima nadhani ilisubiri, maana hata redio ya chumba cha tatu ilizimwa. Nimefikiri sana juu ya ukimya ule. Kila neno ambalo Bibi angelisema lingekuwa ndilo lile lile alilolisema zamani alipokuwa na njaa kweli, na lilikuwa limeshachakaa. Angeweza kunyanyua sufuria, kuonyesha gunia, kuniita mimi nishuhudie, na mwanawe angeona tu mama anayeficha. Baada ya muda mrefu nikasikia kijiko kikigusa bakuli, na Bibi akisema, "Basi kula kwanza. Nitakwenda nawe. Nitakaa mpaka utulie, halafu nitarudi kupanda."

Aliondoka wiki ile ile. Mizigo yake ilikuwa begi moja na kifuko cha mbegu za kunde. Sahani akaniachia. "Usinywee chai kwenye hiyo, Mzigua, utaitia kutu," akasema, akapanda basi. Tuliongea kwa simu mvua za kwanza zilipokaribia, akaniuliza kama majani yamemeza shamba. Mvua za pili aliniuliza tena. Baadaye akaacha kuuliza. Shija alimtunza vizuri, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwamba hakuna pa kuelekeza hasira. Alikuwa na chumba chake, kitanda cha godoro, wajukuu. Ila aliniambia siku moja kwamba huko mtaani wanamwamkia shikamoo mama na hakuna hata mmoja wa kumtukana.

Tangi lilijengwa. Lipo, nimekunywa maji yake. Mimi nilichaguliwa nikaenda kidato cha tano, Frank akapata kazi Arusha, na Madam Judith bado yuko nyuma ya lile duka, na feni ile ile.

Siku ya maziko nilifika Ngombezi mapema. Jeneza lilikuwa limewekwa kwenye chumba kilichokuwa chake, na kambi ilikuwa imejaa, watu wa kanisani, watu wa korona, wazee wachache kutoka Sindeni waliokuja kwa pikipiki. Madam Judith alikuwepo, amekaa mkekani na wanawake. Wazee wa Sindeni wangeweza kufanya kazi ile kuliko mimi, lakini waliponiona walisogea pembeni, maana marehemu mwenyewe aliagiza niitwe mimi. Nilikwenda jikoni, nikachukua majivu. Nikajipaka usoni, mengine yakaniingia machoni. Nikajifunga shuka lake kuukuu lililobaki, nikatoa sahani kwenye begi, nikalala chini kukatiza mlango. Saruji ilikuwa ya baridi. Niliona miguu ya watu, viatu vyao, na simu moja au mbili zikiinuliwa. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Kwa nguvu, mtani!" bibi mmoja wa kambini akafoka. "Marehemu sikio moja lilikuwa bovu!"

Wakacheka kidogo, na kicheko kile kikaniinua. "Hatoki huyu!" nikasema, na mara hii mstari wote wa vyumba ukasikia. "Mnyamwezi huyu alinifuga kama mbuzi, akanilisha dagaa wenye mchanga, akaniachia shamba la magugu, leo anataka kuzikwa bure! Hatoki! Mnaniona? Sijala siku tatu!"

Shija alikuwa amesimama kichwani pa jeneza. Maneno yale yalipotoka alinigeukia ghafla, akaniangalia usoni, majivu, shuka, halafu macho yake yakashuka hadi kwenye sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu uliobanduka, yakabaki pale. Watu walikuwa wanacheka na kujifuta machozi, mzee wa Sindeni ananipa moyo nisikubali, nisiinuke. Shija akachuchumaa karibu yangu. "Ndiyo hii?" akauliza chinichini.

"Ndiyo hii, kaka."

Alikaa hivyo hivyo, ameshika magoti, mabega yanamtikisika, na nisingeweza kumwambia mtu kama alikuwa anacheka. Kisha akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na mwiko uliojaa wali. Akaumimina kwenye sahani. "Kula, mtani," akasema kwa sauti kubwa, ya mwenye msiba. "Kula ushibe, tumzike mama."

Nikakaa kitako pale mlangoni, kambi nzima ikinitazama, nikala. Wali ulikuwa hauna chumvi. Nikawaambia.